Mwalimu wa Reiki, acha kuiga sauti ya mwalimu wako!

Kama upepo wa Dodoma umekujaza vumbi machoni kama ulivyonijaza mie, pole sana, ndo mji wetu huu.

Leo nina kisa cha dada mmoja wa mtaani kwetu Nkuhungu. Jina lake naliweka kapuni kwa kuwa mwenyewe kanikataza kulitaja, ila kisa kanipa ruhusa, tena kaniambia nikiseme chote, hata pale alipochekesha watu.

Dada huyu alikwenda Arusha akasomea Reiki. Najua utaniuliza, Reiki ndo mdudu gani? Ni elimu iliyotoka Japani. Mtu anakulaza au anakukalisha kitini, nguo zako zote mwilini, anaweka viganja vyake kichwani, mabegani, tumboni na magotini, anatulia kimya. Hakandi kama masaji, hapaki dawa, hapigi ramli. Wenyewe wanasema kuna nguvu ya uhai inapita mikononi. Ukitaka kuwa mwalimu unapanda madaraja matatu, na kila daraja mwalimu wako anakufanyia kitendo cha kukufungulia njia. Hapo napo pesa inatoka.

Basi dada yetu akapanda yote matatu, akarudi Dodoma na cheti chenye maandishi ya Kijapani, akakitia kwenye fremu, akatangaza darasa.

DARASA LA KWANZA, VITUKO!

Siku ya kwanza walikuja wanafunzi wanne, na mie nikawa wa tano kwa sababu ya umbea. Kumbuka ilikuwa Oktoba, mwezi ambao jua la Dodoma halina huruma na mtu. Dada alikuwa amefunga madirisha yote, akashusha mapazia mazito, akawasha mishumaa sita na udi. Muziki wa filimbi za Kijapani ukawa unalia kutoka kwenye simu. Mwenyewe alitokea chumba cha ndani na kanzu nyeupe mpaka chini, anatembea polepole kama bibi harusi.

Akaanza kusema. Jamani! Sauti haikuwa yake. Huyu dada ninayemfahamu mie, akikuita kutoka barabarani mpaka mbwa wanaamka. Sasa anaongea kwa kunong'ona, anavuta maneno, kila sentensi anaikata kwa "sawa eeh?" kwa lafudhi ya Kizungu. Baadaye nikajua kuwa mwalimu wake wa Arusha alikuwa mama wa Kizungu, na ndivyo anavyoongea. Kumbe dada alibeba elimu pamoja na kikohozi cha mwalimu!

Dakika ya ishirini mwanafunzi mmoja aliomba kwenda nje kupata hewa, hakurudi. Mwingine, mzee wa kanisa, akaninong'oneza, "Kijana, hawa ni dhehebu gani?" Jirani aliyekuwa anaanika mtama uani akachungulia pembeni ya pazia, akaona mishumaa na kanzu. Jioni mtaa mzima ulijua kuwa kwa dada fulani wanapandisha majini.

Wiki ya pili walikuja wawili. Wiki ya tatu akaja mmoja, tena kufuata mwavuli wake aliousahau.

Dada akaniita kwake, macho mekundu. "Mdogo wangu, wewe unaandika magazetini, hebu niambie ukweli. Nimefuata kila kitu nilichofundishwa, hata rangi ya mishumaa. Nakosea wapi?"

Mie elimu yangu ni kidato cha nne, na Reiki naijua kwa kuchungulia. Lakini kwa kuwa aliniuliza, nikaenda kusoma, na nilichokikuta ndicho kilichonifanya nikae kuandika makala haya.

HATA WAO HAWAKUIGANA

Mwanzilishi ni Mjapani Mikao Usui, aliyezaliwa 1865. Mwaka 1922 alipanda mlima Kurama, karibu na Kyoto, akafunga kwa siku 21, na aliposhuka akaanza kufundisha Tokyo hadi alipofariki 1926. Kwake yeye lengo lilikuwa kumtengeneza mtu tabia na roho, mikono ilikuwa sehemu tu ya safari hiyo.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo Chujiro Hayashi, mtu wa jeshi la majini. Sasa mwanajeshi ukimpa kitu lazima akipange mistari! Huyu akafungua kliniki Tokyo, ana vitanda, wahudumu, na mpangilio wa wapi mkono uanzie na wapi umalizie. Elimu ile ile, sura nyingine.

Mwaka 1935 akatokea Hawaii mama mmoja mjane, Hawayo Takata, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani. Alifika Japani anaumwa, akahudumiwa kwenye kliniki ya Hayashi, akapata nafuu, akang'ang'ania afundishwe. Aliporudi kwao alijikuta na tatizo lile lile la dada yetu: anafundisha kitu cha mbali kwa watu wasiokijua. Yeye hakuwavalisha watu Ujapani. Alifundisha kwa hadithi, kwa maneno ya kawaida, na alipofariki mwaka 1980 alikuwa ameacha walimu 22. Wengi wanaofundisha Reiki nje ya Japani, ukifuatilia nani alimfundisha nani, unaishia kwa mama huyu.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Mama Takata alikuwa akisimulia kuwa Usui alikuwa mwalimu Mkristo na mkuu wa chuo. Waliofuatilia baadaye hawakukuta ushahidi wa hayo. Yawezekana alitaka Wamarekani wampokee, hasa baada ya vita ambapo Mjapani hakupendwa. Mie namwelewa, ila simsifu. Kubadili namna ya kusema ni jambo moja, kubadili ukweli ni jambo jingine, na mstari huo dada yetu alikuja kukutana nao uso kwa uso, kama nitakavyoeleza.

MZEE HUKWE ALIFANYAJE?

Nilipomsimulia hayo dada aliguna tu. "Hao wa Japani na Hawaii mdogo wangu, mie niko Nkuhungu."

Nikamwambia sawa, basi twende kwa wetu. Nani Dodoma asiyemjua marehemu Mzee Hukwe Zawose? Mtoto wa Doduma, mkoa huu huu, aliyekulia kwenye ilimba, zeze na nyimbo za Kigogo. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam aingie kwenye kundi la taifa la ngoma. Baadaye akawa Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, akipiga na kufundisha. Alizunguka Ulaya na Japani, akarekodi na kampuni ya Real World ya Mwingereza Peter Gabriel: "Chibite" ya 1996, na "Assembly" ya 2002 akiwa na Mcanada Michael Brook. Alifariki 30 Desemba 2003.

Sasa sikiliza alichofanya. Ilimba ya kijijini ni kitu cha kupakata, cha kupiga watu wakikaa karibu. Mzee akawa na ilimba kubwa zaidi, yenye vyuma vingi zaidi. Zeze lake nalo akaliongezea nyuzi. Anapiga jukwaani na vyombo vya umeme vya Wazungu, sawa. Lakini upangaji wa sauti ulibaki wa Kigogo, na kinywa kilibaki cha Kigogo. Hakuanza kuimba kwa pua kama Mwingereza eti kwa sababu yuko London.

Na watoto na wajukuu aliowaacha hawakuganda kwenye nyayo zake pia. Katika familia ile wanawake walikuwa wakipiga ngoma na kuitikia, huku mbele wamesimama wanaume. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao wenyewe, "Maisha", kwa jina la The Zawose Queens, wao ndo waimbaji wa mbele. Chemchemi ile ile ya Mzee, ila ukisikiliza husemi hawa wanamwigiza babu.

Dada akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo mie sikuwa nimelifikiria. "Mzee Hukwe alijua kipi cha kuongeza na kipi cha kuacha kwa sababu muziki ulikuwa wake tangu tumboni. Mie hii elimu nimeisoma kwa miezi. Nitajuaje kipi ni mfupa na kipi ni nyama?"

Hapo mie nikaishiwa. Jibu alilipata mwenyewe, na alilipata kwa mama mmoja muuza karanga wa soko la Majengo.

MAMA WA KARANGA

Mama huyu ana kisukari cha miaka mingi. Alisikia habari za mikono, akaja, akalala kwenye mkeka, akawekewa mikono nusu saa, akaamka anasema mwili mwepesi. Akarudi mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne akauliza, "Mwanangu, nije mara ngapi ndo niache vile vidonge vya hospitali?"

Dada anasema moyo ulimlipuka. Kwenye daftari lake la Arusha swali hilo lilikuwepo, na jibu alilokaririshwa ni kwamba mwili wa mgonjwa utajua wenyewe. Maneno matamu, yananong'oneka vizuri. Na mama yule alikuwa analipa kila mara, bila kukopa.

"Nilifungua mdomo niyaseme," aliniambia, "ikatoka sauti yangu ya kuuzia vitenge. Nikamwambia, Mama! Hapa hakuna siku ya kuacha vidonge. Mie si daktari. Hapa unapumzika tu. Kliniki yako ni lini?"

Mama akachukia, akachukua kapu lake akaondoka. Habari zikafika sokoni kwamba dada mwenyewe kakiri hatibu, na wateja wawili wengine wakakatika. Mwezi ule kodi ya nyumba alilipa kwa kuuza friji.

Na hapa niseme langu. Wataalamu waliojaribu kuipima Reiki hawajapata ushahidi wa kutosha kwamba inatibu ugonjwa wowote. Wapo wengi wanaotoka wametulia, wamepunguza wasiwasi, na kwa mtu anayeamka saa kumi usiku kukaanga karanga kutulia si jambo dogo. Lakini kisukari kinataka dawa, chakula cha mpango na kupimwa. Mwalimu anayefundisha wanafunzi kumi kusema "mwili utajua" ametuma watu kumi wakaharibu, wala mishumaa haitamsaidia.

Tangu siku ile dada akalifungua upya darasa lake. Madirisha wazi. Siku nyingine wanakaa nje chini ya mwarobaini, kwenye mikeka, asubuhi kabla jua halijachachamaa. Kanzu nyeupe kaigeuza foronya, filimbi za Kijapani kazima, watu wanasikia kuku na watoto wa shule wakipita. Anaanza kwa kuamkia kila mtu, mbukwa, habari za nyumbani, na wakubwa anawapa shikamoo zao. Kabla hajagusa mtu anamwomba ruhusa na kumwuliza anatumia dawa gani, na mwanafunzi atakayesahau kuuliza hilo harudi kuweka mkono siku hiyo. Jina la Usui analitaja, la Takata pia, na anaeleza wazi kipi kimethibitika na kipi ni hadithi. Anaongea kwa sauti yake ile ile, ingawa kwa kweli naona angeipunguza kidogo, mtu ukisinzia anakushtua.

Wanafunzi wake sasa ni saba. Hawajai chumba, na friji hajanunua jingine. Mama wa karanga karudi, tena kwa miguu yake, na kadi ya kliniki kwenye pindo la khanga. Dada akamwuliza, mama, si ulisema hapa hakuna kitu? "Mie nakuja kulala," akajibu. "Nyumbani kuna wajukuu saba."

Jumamosi iliyopita dada aliniomba nimsindikize kwa fundi wa mabango. Kwa kuwa nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la kusajili watoa huduma hizo, alishaenda kuulizia taratibu zake kabla ya kupigilia msumari wowote ukutani. Bango alilokuwa nalo ni la zamani, la siku za mishumaa, limeandikwa kwa herufi nyekundu: TUNAPONYA MAGONJWA YOTE.

Fundi akalitazama, akatutazama. "Nifute yote?"

"Futa. Andika MAPUMZIKO KWA MIKONO. Chini yake, kwa herufi zile zile kubwa, DAWA ZAKO USIACHE."

Fundi akahesabu herufi kwa kidole, akasema kufuta ni bei sawa na kuandika. Dada akaanza kubishana naye bei, na sauti yake ikafika mpaka ng'ambo ya barabara.