Rovaniemi: Manispaa ya Vijiji Iliyouzingira Mji

Kwa zaidi ya miaka 70, mji wa Rovaniemi, kaskazini mwa Ufini, ulikaa ndani ya manispaa nyingine kama kiini ndani ya yai. Aliyetoka mjini alijikuta katika Manispaa ya Vijiji ya Rovaniemi, iliyokuwa na baraza na bajeti yake yenyewe.

Mpaka huo uliwekwa mwaka wa 1929, mji uliokua kwenye makutano ya mito ya Kemijoki na Ounasjoki ulipotenganishwa na vijiji vyake. Mnamo Oktoba 1944, wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa wakiondoka waliuteketeza mji huo karibu wote. Ulijengwa upya kwa ramani ya msanifu majengo Alvar Aalto.

Kilichoupa mpaka uzito ni kodi. Nchini Ufini, manispaa hutoza wakazi wake kodi ya mapato, na wakati huo ndiyo iliyosimamia shule, maktaba, vituo vya afya na utunzaji wa wazee. Familia iliyojenga nyumba hatua chache nje ya mpaka ilihama na kodi yake, hata kama baba na mama waliendelea kufanya kazi mjini. Wenye hoja ya kuunganisha walisema huo ni mji mmoja unaoendeshwa na ofisi mbili. Lakini kwa mwanakijiji aliye makumi ya kilomita kutoka mjini, swali lilikuwa jingine: wakiungana, nani atailinda shule yenye wanafunzi wachache?

Jibu lilikuwa limeanza kujaribiwa mapema. Mwaka wa 1993, manispaa ya vijiji iliunda kamati ya eneo la Kemijoki ya Juu, inayojumuisha vijiji kama Vanttauskoski na Autti. Kamati hiyo ya wakazi haikuwa ya kutoa maoni tu. Ilipewa fungu lake la fedha na mamlaka ya kuamua jinsi huduma za karibu zitakavyotolewa, zikiwemo shule na utunzaji wa wazee. Huo ni ugatuzi ndani ya ugatuzi, na ndio sehemu ya historia hii inayostahili kuangaliwa zaidi, kuliko umaarufu wa Rovaniemi kama makao ya Baba Krismasi.

Manispaa hizo mbili ziliungana Januari 1, 2006. Rovaniemi mpya ilipata eneo la takriban kilomita 8,000 za mraba, sehemu kubwa ikiwa misitu na vinamasi. Kamati ya Kemijoki ya Juu haikuvunjwa.

Mabadiliko mengine yalikuja Januari 2023, Ufini ilipoondoa afya na huduma za jamii mikononi mwa manispaa na kuzikabidhi kwa mamlaka za maeneo makubwa zaidi. Mkazi wa Vanttauskoski mwenye lalamiko kuhusu shule bado hulipeleka Rovaniemi. Likihusu daktari, hulipeleka kwa mamlaka inayohudumia Lapland nzima.