Shannon: Uwanja wa Raia, Njia ya Askari

Magharibi ya Ireland, katika jimbo la Clare, upo uwanja wa ndege wa kiraia uitwao Shannon. Tangu vita vya Afghanistan na Iraq, wasafiri waendao likizo walizoea kukutana ukumbini humo na askari wa Marekani waliovaa sare, wakingoja ndege zao za kukodi zijazwe mafuta. Askari waliopita hapo tangu mwaka 2002 ni zaidi ya milioni mbili.

Lau Ireland ingekuwa mwanachama wa NATO, hilo lisingestaajabisha. Lakini nchi hiyo hujinadi kuwa haifungamani na upande wowote vitani, na haikuingia hata katika Vita Kuu ya Pili. Kwa desturi ya serikali yake, ndege ya kijeshi ya kigeni hupewa idhini kwa sharti kwamba haikubeba silaha wala haimo katika operesheni ya kivita. Nani basi aliyepanda ndani kuhakikisha? Jibu la serikali lilikuwa kwamba Marekani imetoa ahadi, na ahadi hiyo yatosha.

Mwaka 2003 Edward Horgan, ofisa mstaafu wa jeshi la Ireland aliyewahi kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, aliishitaki serikali yake. Mkataba wa Hague wa mwaka 1907 unakataza nchi isiyo vitani kuruhusu askari wa wapiganao kupita katika ardhi yake. Mahakama Kuu ilikiri kwamba kuwapitisha askari hao kulikwenda kinyume na desturi ya sheria za kimataifa. Kisha ikaamua kwamba desturi hiyo haiwezi kuibana serikali mbele ya mahakama za nyumbani. Haki ikaonekana, mlango ukafungwa!

Uzito wa jambo hili uko kwa mtu mmoja. Tarehe 17 Februari 2003, imamu Abu Omar, Mmisri, alitekwa mchana katika barabara ya Milan na maofisa wa CIA, akapelekwa Cairo, ambako anasema aliteswa. Ndege iliyomfikisha huko ilitua Shannon ikirejea Marekani, ikajazwa mafuta, ikaondoka. Ni kweli kwamba mateka hakuwamo tena. Lakini ndege ile ilikuwa imetoka kazini, na aliyeinywesha mafuta hakuuliza kazi gani. Mwaka 2009 mahakama ya Italia iliwatia hatiani Wamarekani 23 bila wao kuwapo. Naye mwaka 2007 Tume ya Haki za Binadamu ya Ireland ilikwisha kuieleza serikali kwamba ahadi za kidiplomasia hazitoshi, ndege zikaguliwe.

Watu watano, Wakristo wapinga vita, waliharibu ndege ya jeshi la wanamaji la Marekani uwanjani hapo Februari 2003. Walishitakiwa, na Julai 2006 jopo la raia mjini Dublin likawaachia huru kwa kauli moja. Ndege za askari ziliendelea kutua.