Cha Kuazima na Masharti Yake

Asubuhi ya Juni 4, 1996, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilipaa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sekunde 40 hazikutimia tangu injini kuu iwashwe, roketi ikapinda ghafla, ikaanza kumeguka kwa nguvu ya upepo, na mfumo wake wa kujilipua ukaimaliza. Ilikuwa haijafika hata kilomita 4 juu. Setilaiti 4 za mradi wa Cluster, zilizotengenezwa kuchunguza uga wa sumaku unaoizunguka Dunia, ziliteketea nayo.

Cha ajabu ni kwamba hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Kila kompyuta ilifanya kama ilivyoagizwa. Tatizo lilikuwa katika kuazima.

Mtambo unaoiambia roketi iko wapi na inaelekea wapi ulichukuliwa, pamoja na programu yake, kutoka Ariane 4, roketi iliyokwisha kujijengea jina. Ndani ya programu hiyo kulikuwa na namba moja inayobadilika, yaani kigeu, iliyotegemea kasi ya mlalo. Ilihifadhiwa kwanza katika biti 64, kisha ikahamishiwa kwenye nafasi ya biti 16, ambayo haiwezi kubeba namba inayozidi 32,767. Kwenye Ariane 4 namba hiyo isingefikiwa. Kwa hiyo wahandisi, wakitaka kuipunguzia kompyuta mzigo, waliweka kinga kwenye vigeu 4 kati ya 7 vya aina hiyo, wakaacha 3 bila kinga.

Ariane 5 ilipita njia nyingine. Kasi yake ya mlalo ilikua mara 5 haraka zaidi. Namba ikafurika, programu ikasimama. Mtambo wa akiba nao ulikuwa umekwisha kuzima punde kidogo kabla, kwa kuwa uliendesha programu ileile. Kompyuta kuu ikapokea taarifa ya hitilafu, ikaisoma kana kwamba ni vipimo vya safari, ikageuza midomo ya injini kusahihisha upotevu ambao haukuwapo. Na hesabu yenyewe iliyoleta balaa haikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5 baada ya kuondoka ardhini. Ilibebwa tu kwa sababu ilikuwamo.

Nguo ya kuazima, walionya wahenga, haisitiri. Lakini uhandisi hauwezi kuishi bila kuazima, na siku hizi uazimaji huanza mapema zaidi, kabla chuma hakijakatwa. Wahandisi huujenga kwanza mfumo mzima kwenye kompyuta kama modeli: vijenzi vyake, kazi ya kila kimoja, na nini kinapita kati yao. Wengine hutumia lugha ya SysML, wengine programu kama Capella. Aliyekwisha kuchora modeli ya betri kwa mradi mmoja hataki kuanza upya katika mradi wa pili.

Njia rahisi ni kunakili na kubandika. Baada ya miezi kadhaa kuna betri tano, kila moja na maisha yake. Kosa likigunduliwa kwenye moja, nyingine nne hazipati habari. Ndiyo maana zikabuniwa maktaba za modeli: kijenzi kinakaa mahali pamoja, na kila mradi unakirejelea. Hapo tena linazuka jambo jingine. Mwenye maktaba akirekebisha kitu Jumatatu, mradi wa mwenzake unaweza kuyumba Jumanne. Lazima kila toleo liwe na namba, na kila mradi utamke unatumia toleo lipi.

Capella ina njia ya katikati. Nakala inawekwa ndani ya mradi lakini inamkumbuka mzazi wake. Mtunzi anaweza kuamua kwamba nakala isiguswe kabisa, au iruhusiwe kuongezewa mambo. Mzazi akibadilika, mtumiaji ndiye anayechagua lini alete mabadiliko kwake.

Vijenzi vinapovuka kutoka kampuni moja hadi nyingine, ambako hata programu za kuchorea hazifanani, hutumika kiwango cha FMI, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 2010. Modeli hufungwa katika faili moja lenye sehemu ya kukokotoa na faili la maelezo. Mtengenezaji wa breki anaweza kumpa mtengenezaji wa gari modeli inayofanya kazi bila kumfunulia siri za ndani. Katika maelezo hayo, kila kigeu kinaweza kuandikiwa kipimo chake, thamani ya chini kabisa na ya juu kabisa. Ndiyo taarifa hasa ambayo ingewagutusha watu wa Ariane. Ila kujaza nafasi hizo ni hiari, na anayekijua kijenzi hajui kitapelekwa wapi.

Tume ya uchunguzi wa ajali ya Ariane 5, iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ilikuta jambo linalotuhusu zaidi. Katika majaribio ya mfumo mzima ardhini, mtambo halisi haukuwekwa. Mahali pake palikaa modeli yake, na modeli hiyo haikuwa na udhaifu wa programu halisi. Baada ya ajali, programu yenyewe iliendeshwa kwenye kompyuta kwa takwimu za njia ya Ariane 5. Msururu wote wa matukio ukajirudia, hatua kwa hatua.

Setilaiti za Cluster zilijengwa upya, zikarushwa kutoka Baikonur kwa roketi za Soyuz, Julai na Agosti 2000. Moja kati ya hizo 4 iliundwa kwa vipuri vilivyobaki vya mradi wa kwanza, ikapewa jina Phoenix, na baadaye Rumba. Hiyo nayo ilikuwa kutumia tena vitu vya zamani, na ilifanikiwa. Vipuri vile vilirudi kwenye kazi ileile viliyotengenezewa, na masharti yake yalikuwa hayajabadilika. Programu ya Ariane 4 ilipelekwa safari nyingine, na hakuna aliyeiuliza ilikuwa imezoea mwendo gani.