Plagi Zilizojificha za Honda Africa Twin

Plagi ni kipande kidogo cha chuma na kauri kinachowasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Umeme wa maelfu ya volti hutoka kwenye koili, hupita katikati ya kauri, kisha huruka pengo la karibu milimita moja. Injini ya mipigo minne inayozunguka mara 8,000 kwa dakika huhitaji miwasho 4,000 kwa kila silinda katika dakika hiyo. Kila cheche hula chuma kidogo cha ncha, na pengo likizidi kupanuka, volti zinazohitajika kuliruka huongezeka. Ndipo pikipiki huanza kumisi, hasa ikipanda mlima na mzigo.

Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, zenye silinda moja inayopozwa na upepo, plagi iko wazi na hubadilishwa kando ya barabara kwa dakika chache. Honda Africa Twin XRV750, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ni habari nyingine kabisa. Injini yake ya sentimita za ujazo 742 ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V la nyuzi 52, na kila silinda ina vali tatu: mbili za kuingiza na moja ya kutoa moshi. Mpangilio huo husaidia kuwekwa plagi mbili kwa kila silinda, moja huku na nyingine kule, ili moto uanze pande mbili na mafuta yaungue upesi. Faida hiyo ya uhandisi ndiyo inayomtesa mwenye kufanya matengenezo nyumbani. Zipo plagi nne. Za silinda ya mbele zimebanwa na radieta, na za nyuma zimo chini ya tangi, katikati ya fremu na nyaya.

Kazi hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, na sababu si mikono kuungua tu. Kichwa cha silinda ni cha alumini, nayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha plagi. Kulazimisha plagi itoke kwenye alumini ya moto ni kuhatarisha nyuzi za skrubu za tundu lake. Koki ya petroli hufungwa, kiti na plastiki za pembeni huondolewa, tangi huinuliwa na kuwekwa mbali na moto wowote. Mbele, mara nyingi hutosha kufungua boliti za radieta na kuisogeza kidogo bila kugusa mipira ya maji. Kofia za plagi hutolewa moja moja, au waya zake hutiwa alama kwa utepe, kwa kuwa waya za mbele na za nyuma zikibadilishana mahali, injini haiwezi kuwaka sawasawa.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi, na haistahili kurukwa. Shimo lenye plagi hukusanya vumbi, mchanga na matope ya safari nyingi. Plagi ikifunguliwa kabla ya shimo kusafishwa, uchafu huo huangukia ndani ya silinda, na punje za mchanga huchora kuta ambazo pistoni hupanda na kushuka juu yake. Upepo wa kompresa hufaa; asiye nayo hutumia pampu ya baiskeli iliyofungwa mpira mwembamba. Plagi hulegezwa kidogo, shimo hupulizwa tena, ndipo hutolewa.

Spana inayofaa ni ya milimita 18, na bora zaidi ni ile ya bomba jembamba iliyokuja na pikipiki. Soketi nyingi za dukani zina kuta nene zisizoingia kwenye nafasi ile, na soketi ikikaa upande huvunja kauri.

Plagi iliyotoka huonyesha hali ya silinda yake. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili njema. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi au hewa imepungua, mafuta ya injini yanayong'aa huonyesha ringi au sili za vali zimechoka, na ncha nyeupe yenye malengelenge huonyesha joto la kupita kiasi. Plagi zote nne hupangwa kwa mahali zilipotoka ili zilinganishwe.

Plagi inayotumika humo kwa kawaida ni NGK DPR8EA-9, na maandishi hayo yanasomeka. D ni nyuzi za kipenyo cha milimita 12, E ni urefu wa nyuzi wa milimita 19, na 9 ya mwisho ni pengo la milimita 0.9. Namba 8 ni kiwango cha joto: kwa NGK namba ikiwa kubwa plagi huwa baridi zaidi, ilhali kwa Bosch ni kinyume. Pengo hupimwa kwa fila geji hata plagi ikiwa mpya.

Kurudisha ndiko kwenye hatari kubwa kuliko kutoa. Mahali ambapo vidole havifiki, kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa shubiri huchomekwa kwenye kichwa cha plagi na kuzungushwa taratibu. Nyuzi zikikutana sawa, plagi huingia bila ubishi. Zikipishana, mpira huteleza wenyewe kabla alumini haijakatika. Spana haina huruma hiyo, na nyuzi zilizokatwa hudai fundi atoboe upya na kuweka nyuzi za kupachika.

Plagi ikishakaa, hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 15. Pasipo spana ya kupimia, plagi yenye washa (pete ya kuziba) mpya huhitaji karibu nusu mzunguko. Iliyokwisha kutumika huhitaji kidogo tu, kama mwendo wa dakika tano kwenye uso wa saa. Grisi kwenye nyuzi haishauriwi na NGK, kwa maana hupunguza msuguano na kumfanya mtu akaze kupita kiasi bila kujua. Kofia husukumwa hadi zishike, radieta na tangi hurudishwa, na injini huwashwa na kusikilizwa kabla ya plastiki kufungwa.