Chuma Kilichoishinda Dhahabu

Novemba 2016, katika mnada mjini Geneva, saa ya mkono ya Patek Philippe iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Haikuwa ya dhahabu. Nyingi za toleo hilo, namba 1518, lililoanza mwaka 1941, zilikuwa za dhahabu, na kwa kawaida bei zake huwa chini ya hiyo. Hii ilikuwa ya chuma cha pua, na za chuma zinazojulikana duniani kote ni nne.

Anayeanza kukusanya kronografu za zamani, yaani saa kama hiyo zenye kipima muda ndani yake, hushangazwa na jambo hilo, lakini chuma kinazifaa saa hizi. Zilitengenezwa kwa ajili ya kazi. Ukibonyeza kitufe cha juu, akrabu ndefu ya sekunde huanza kukimbia. Ukikibonyeza tena, husimama. Kitufe cha chini huirudisha kwenye sifuri, wakati saa yenyewe inaendelea kwenda kama kawaida. Vitufe viwili vya namna hiyo vililetwa na Breitling mwaka 1934. Dereva alisoma mwendo wake kwenye ukingo wa uso. Daktari alihesabu mapigo 30 ya mshipa, akaisimamisha akrabu, na mahali iliposimama palimwonyesha mapigo ya dakika nzima.

Kazi kubwa kuliko zote ilifanyika mbali na dunia. Aprili 1970 chombo cha Apollo 13 kilipasuka tangi la oksijeni, na wanaanga wakazima mitambo ili kuokoa umeme. Ilipobidi wawashe injini kwa sekunde 14 kuirekebisha njia ya kurudi nyumbani, Jack Swigert alizipima sekunde hizo kwa Omega Speedmaster ya mkononi, saa ya chuma ya kutia ufunguo. Wote watatu walirudi salama. Mimi naihesabu hiyo kuwa hoja ya kutosha ya kuziheshimu mashine hizi.

Asiye na mamilioni asikate tamaa. Seiko 6139 ya mwaka 1969 ni ya chuma, hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, na ni miongoni mwa kronografu za kwanza za aina hiyo duniani. William Pogue aliivaa kwenye kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973.

Thamani imo usoni. Kronografu za Rolex Daytona zenye uso wa rangi na tarakimu zisizo za kawaida hazikuwa na wanunuzi wengi zilipotoka. Leo zinaitwa kwa jina la mwigizaji Paul Newman. Ile yake mwenyewe, aliyopewa na mkewe Joanne Woodward na kuchongwa nyuma maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Oman nako, Sultan Qaboos aliagiza Rolex zenye nembo ya khanjari, jambia la Kiomani, usoni, azitoe zawadi. Uso wa namna hiyo ukipakwa rangi upya, khanjari hupotea pamoja na historia yote. Kasha nalo, kila linaponolewa kwenye mashine ya kung'arisha, kingo zake huliwa, na chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Basi kama una saa ya babu kabatini, mpelekee fundi aisafishe mitambo na kuitia mafuta, lakini mwambie waziwazi asiuguse uso wala asiling'arishe kasha. Vipuri anavyovibadilisha, hata kitufe kilichochakaa, mwombe akurudishie. Na kama ni ya kabla ya miaka ya 1970 na ilikuwa na rangi ya kuwaka gizani, huenda rangi hiyo ni radiamu, sumu yenye mionzi: usiifungue mwenyewe, wala usiikwangue.