Jina la Ngũgĩ Likitoka Hifadhidatani

Chukua jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong’o. Katika hifadhidata ya maktaba limekaa sawasawa, viwimbi viko juu ya ũ na ĩ, ritifaa iko mahali pake. Mkutubi anaomba orodha ya vitabu vya mwandishi huyo, anahifadhi matokeo kama faili la CSV na kumtumia mwenzake. Mwenzake analifungua kwa Excel na kukuta NgÅ©gÄ© wa Thiongâ€™o.

Wengi hapo hudhani hifadhidata imeharibika. La hasha, na mara nyingi hata faili lenyewe ni zima. Faili la maandishi halitunzi herufi, linatunza baiti, yaani namba kati ya 0 na 255. Usimbaji ndio makubaliano ya namba ipi isomwe kuwa herufi ipi. Katika UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ũ huandikwa kwa baiti mbili, C5 na A9. Excel ya Windows isipopata dokezo lolote mara nyingi hushika jedwali la zamani la Windows-1252, ambamo kila baiti hujitegemea: C5 ni Å, A9 ni ©. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo Word huiweka yenyewe unapoandika ng’ombe, huchukua baiti tatu, ndiyo maana hugeuka vikorokoro vitatu.

Kiswahili kimetudekeza katika jambo hili. Herufi zake zote zimo katika ASCII, jedwali la mwaka 1963 lenye nafasi 128, na UTF-8 na Windows-1252 zote mbili zinakubaliana na jedwali hilo. Orodha ya akina Juma na Rehema itasomeka hata aliyeihifadhi akichagua kati ya hizo mbili kwa kufumba macho. Kosa hubaki limejificha mpaka siku aingie Wanjikũ, au Désiré wa Bukavu.

Vikorokoro vinaudhi, lakini vina dawa: mwambie msomaji kwamba faili ni la UTF-8, na jina linarudi kama lilivyokuwa. Ugonjwa wa kuogopa ni ule wa wakati wa kuandika. Ukihifadhi jina hilohilo kwa ASCII utapata Ng?g? wa Thiong?o. Alama hizo za kuuliza ni alama za kuuliza za kweli. Baiti za ũ hazimo tena, na hakuna fundi atakayezitoa ndani ya faili hilo. Amri ya Export-Csv katika PowerShell 5.1 hufanya hivyo pasipo kukuuliza, kwa sababu isipoelekezwa huandika ASCII.

Windows-1252 nayo haina ũ wala ĩ, na hapo kila programu ina tabia yake. PostgreSQL ikiagizwa kutoa matokeo kwa usimbaji huo hugoma na kutaja baiti ilizoshindwa kuzibadili. Nyingine huweka alama ya kuuliza. Nyingine huvua viwimbi kimyakimya, ukapata Ngugi, jina linaloonekana safi kabisa. Mimi naona heri programu inayogoma, maana jina lililovuliwa viwimbi hupita mbele ya wakaguzi kumi na asiligundue hata mmoja.

Kwa hiyo hifadhi kwa UTF-8. Katika PostgreSQL, amri ya COPY inakubali neno ENCODING. Katika MySQL taja utf8mb4, kwa kuwa ile iliyoitwa utf8 tu iliishia baiti tatu kwa herufi, na emoji huhitaji nne. Anayetumia SQL Server Management Studio abonyeze mshale mdogo ulio kando ya kitufe cha kuhifadhi, achague Save with Encoding. UTF-16 haipotezi herufi, ila jina letu la herufi 17 huchukua baiti 34 badala ya 21.

Linalobaki kuamuliwa ni kama faili lianze na alama ya utambulisho, baiti tatu EF BB BF. Faili likienda kwa mtu atakayelibofya lifunguke katika Excel, iweke. Hilo ndilo dokezo Excel inalolisubiri. Likienda kwa programu nyingine, iache, kwani programu nyingi huigandisha kwenye jina la safu ya kwanza, kisha zikalalamika kwamba safu hiyo haipo, ingawa wewe unaiona kwa macho yako.

Kabla ya kulituma, iulize hifadhidata ni majina mangapi yenye alama ya kuuliza, halafu hesabu yaliyomo ndani ya faili. Hesabu ya faili ikizidi, lifute uhifadhi upya.