Je, Chuki ya Rangi Yaweza Kung'oka?

Wako watu, na huku kwetu mwambao tunao, waaminio kwamba chuki ya rangi imo damuni. Kwamba mtu aliyenyonyeshwa dharau pamoja na maziwa ya mamake hufa nayo. Nimelisikia neno hilo barazani mara nyingi, na kila mara nimeona uzito kulikubali. Leo nawaletea, wasomaji wangu, habari ya watu wawili wa Marekani, mmoja mweusi na mmoja mweupe, ambao maisha yao yanalijibu neno hilo kushinda hoja zangu. Wote wawili ni Wakristo, na imani yao ndiyo iliyowageuza. Asije mtu akaniuliza, "Na wewe mwana wa chuoni, ya kanisani yakuhusu nini?" Ugonjwa wanaousimulia na sisi tunao, basi si vibaya kuisikiliza na dawa yao.

Wa kwanza ni John Perkins. Alizaliwa mwaka 1930 katika jimbo la Mississippi, nchi ya pamba, ambako mtu mweusi alikuwa hana kura wala hakimu wa kumsikiliza. Mamake alifariki yeye akiwa mtoto wa miezi saba. Shule aliiacha angali katika madarasa ya chini. Mwaka 1946 kaka yake, Clyde, aliyekuwa amerudi kutoka Vita Vikuu vya Pili na majeraha ya kuipigania nchi yake, alipigwa risasi na askari Mzungu wa mji wao akafa. Mwaka uliofuata kijana Perkins akahamia California. Huko alijipatia kazi na maisha mazuri, na mwaka 1957, kwa kumfuata mwanawe mdogo aliyekuwa akienda kusoma Biblia, akaingia katika imani. Mwaka 1960 akaiacha raha hiyo akarudi Mississippi, katika mji wa Mendenhall, kuwasomesha watoto, kuwasaidia maskini na kuwahimiza weusi wenzake wajiandikishe kupiga kura.

Tarehe 7 Februari 1970 alikwenda katika jela ya Brandon kuwawekea dhamana wanafunzi waliokamatwa wakitoka kwenye maandamano. Yeye naye akashikwa. Polisi walimpiga usiku ule hata akazirai, kisha wakamlazimisha kuipangusa damu yake mwenyewe sakafuni. Mtu wa kawaida angetoka humo na kisu moyoni. Perkins mwenyewe ameeleza kwamba aliyatazama makunyanzi ya zile nyuso zilizokuwa zikimpiga, akaona jinsi chuki ilivyowaharibu wenyewe kabla ya kumharibu yeye. Hata hivyo hakusamehe siku moja. Maradhi yalimlaza baadaye katika hospitali ya Mound Bayou, na humo madaktari na wauguzi, weusi kwa weupe, walimtunza kama ndugu. Hapo ndipo ile hasira aliyoihisi kwa Wazungu wote ilipoanza kuyeyuka.

Wa pili ni Thomas Tarrants, kijana wa Kizungu wa Mobile, Alabama. Mwaka 1963 wanafunzi weusi walipoingizwa kwa amri ya mahakama katika shule yake, alipandwa na ghadhabu. Alianza kusoma vijitabu vya watu wenye kuwachukia weusi na Mayahudi, na vijitabu vikamtia hofu: kwamba Mzungu anamalizwa, kwamba dini yake inapotea. Nawaomba muitie alama hofu hiyo, kwa maana chuki nyingi ni hofu iliyovaa silaha. Hatimaye akajiunga na Ku Klux Klan ya Mississippi, chama cha siri kilichochoma makanisa na kuua watu kwa jina la Mungu.

Usiku wa mwisho wa mwezi wa Juni 1968, Tarrants, mwenye umri wa miaka 21, alikwenda na baruti katika mji wa Meridian kuilipua nyumba ya mfanyabiashara wa Kiyahudi. Polisi walikuwa wamekwisha kutonywa, wakamvizia. Mwanamke aliyefuatana naye, Kathy Ainsworth, mwalimu wa shule, aliuawa papo hapo. Tarrants aliokolewa akiwa na majeraha mengi ya risasi, akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Mwaka 1969 alitoroka, na katika kukamatwa tena mwenziwe aliuawa mahali alipokuwa yeye dakika chache kabla.

Akarudishwa gerezani na kufungiwa peke yake katika chumba cha futi sita kwa tisa, muda wa miaka mitatu hivi. Hapakuwa na la kufanya ila kusoma. Alianza na vitabu vya siasa yake, akaingia falsafa, kisha Injili. Na mwaka 1970 akapiga magoti akatubu. Ajabu ni kwamba waliokuja kumtazama gerezani alikuwamo mpelelezi wa serikali aliyemwandama, na katika waliomsaidia kutoka alikuwamo wakili wa Kiyahudi. Alifunguliwa mwaka 1976, akasoma chuo kikuu, akawa mchungaji wa kanisa la watu wa rangi mbalimbali mjini Washington. Mwaka 1994 yeye na Perkins waliandika kitabu pamoja, ambamo kila mmoja anamwita mwenziwe ndugu.

Sasa tutulie tuyapime. Tarrants hakusamehewa kwa maneno matupu. Alikaa jela miaka minane, na Kathy Ainsworth hakurudi. Wala Perkins hakuacha kudai haki kwa kuwa amesamehe. Aliendelea kujenga zahanati na shule. Msamaha basi si kuikunja sheria ukaitia mkobani. Ni kukataa kufanana na aliyekudhulumu.

Na sisi je? Hapa Pwani hatulipui nyumba kwa ajili ya rangi. Lakini posa ngapi zimerudishwa kwa sababu ya nywele za kijana, na pakasingiziwa "kufu"? Mara ngapi tumelisikia jina la "mtwana" likitupwa uani, au mwenyeji aliyezaliwa hapa na babu zake akiambiwa arudi Arabuni? Chuoni tulisomeshwa habari ya Abu Dharr, aliyemtusi mwenziwe kwa weusi wa mamake; na baadhi ya wapokezi wasema mwenziwe huyo alikuwa Bilal. Mtume S.A.W. alimkemea kwamba bado amebakia na ujahili. Yasimuliwa kuwa Abu Dharr aliliweka shavu lake mchangani, akamtaka Bilal alikanyage. Swahaba mkubwa hakuona haya kujishusha. Sisi twaona haya ya nini?

Perkins na Tarrants walipita mlango wao. Mlango wetu tunao, uko wazi tangu utotoni, na kilichobaki ni kuingia. Nami nawaachieni ubeti huu:

Moyo ulio na chuki, ni moto na ni kilio,
Usiku haulaliki, hauna pumzikio,
Dawa yake ni rafiki, Mola ndiye kimbilio,
Tuwarithishe ya haki, wanetu wafuatio.